Nani Alihesabu Miaka Hiyo? Somo la Nusumaisha Kutoka Ziwani Kwetu

Kila mara habari za mifupa ya kale ya Turkana zinapotajwa darasani, hakosi kutokea mtu wa kuuliza swali lile lile: ati miaka milioni moja na nusu, nani alikuwapo akihesabu? Darasa hucheka, na mwuliza swali hukaa chini akiona haya. Mimi naona hilo ni swali zuri kuliko mengi tunayowauliza walimu, na ndilo nitakalojaribu kulijibu katika kurasa hizi. Swali la nani aliumba ulimwengu nawaachia walimu wa somo la dini, maana hilo lina kipindi chake.

Jambo hili si dogo kwetu sisi wa huku. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha mfupa kando ya mto Nariokotome, na kutoka hapo ukachimbwa karibu mwili mzima wa yule anayeitwa Mvulana wa Turkana, aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwaka 2015 zikatangazwa zana za mawe za Lomekwi, zenye umri wa miaka kama milioni 3.3. Mgeni anayefika Lodwar huenda hajui lolote kuhusu sisi isipokuwa namba hizo. Sasa kama namba ni za kukisia tu, basi sifa yetu nayo ni ya kukisia. Tena iko namba moja ya ziwa letu ambayo kweli iliwahi kuwa mbaya, ikapita makosa kwa miaka karibu 700,000, na mabishano yake yakachukua miaka kumi hivi. Nitaifikia. Kwanza lazima tujue saa inayotumika, maana huwezi kumhukumu mtu kwamba amesoma saa vibaya ilhali wewe mwenyewe hujui mishale yake.

Mada hii ya unururifu imo katika Fizikia ya Kidato cha Nne, kwa hivyo sisi wa Kidato cha Tatu tunaidokoa mapema kama mtoto anayeonja mboga jikoni kabla ya wakati wa kula.

Tumeshajifunza kwamba kila kitu kimejengwa kwa atomu, na kwamba katikati ya atomu mna kiini chenye protoni na nutroni. Viini vingi vimetulia tu, havina neno. Lakini viko vingine visivyotulia. Siku moja kiini cha aina hiyo hubadilika chenyewe, kikatoa mionzi, na atomu ikawa ya kitu kingine kabisa. Hakuna aliyekisukuma. Ukiutia moto mwamba huo jikoni, ukiuponda kwa nyundo au ukiuacha juani pale kiwanjani mchana wa saa nane, kiini hakijali. Tabia hiyo ndiyo unururifu.

Je, kiini kitavunjika lini? Hapo ndipo pana maajabu. Hakuna mtu duniani anayeweza kukuambia atomu hii hapa itavunjika leo, kesho, au baada ya miaka bilioni moja. Ni bahati tupu. Sasa bahati inawezaje kuwa saa?

Tulijaribu jambo hili darasani kwa kutumia katoni kuukuu ya sabuni. Tulikata vipande 128 vidogo vya mraba, tukatia alama ya mkasi upande mmoja wa kila kipande. Tukavitia ndani ya karai, tukatikisa, tukavimwaga juu ya meza. Kila kilichoangukia upande wenye alama tulisema kimevunjika, tukakiweka kando. Vilivyobaki tukavirudisha ndani ya karai na kumwaga tena. (Mkitaka kufanya hivi fungeni madirisha kwanza. Upepo wa huku hauheshimu sayansi.) Kundi la kwanza lilibaki na 66, kisha 31, kisha 17, kisha 8, kisha 3. Kundi la pili lilipata 59, 30, 14, 9, 5.

Tazama namba hizo kwa makini. Hakuna aliyejua kipande kipi kitaanguka vipi, lakini makundi mawili yaliyokaa pembe mbili za darasa yalikwenda karibu sawa: kila mmwago ulichukua kama nusu. Vipande vilipokuwa vingi nusu ilikaribia sana kuwa nusu kamili. Vilipobaki vichache ndipo mambo yalipoanza kwenda ovyo, 8 ikawa 3 na 9 ikawa 5. Sasa fikiria kwamba badala ya vipande 128 una atomu nyingi kiasi kwamba ukiandika idadi yake unajaza mstari mzima wa sifuri, na zote ziko ndani ya punje moja ndogo kama ya chumvi. Katika umati kama huo nusu haitetereki.

Muda unaopita mpaka nusu ya atomu zivunjike ndio unaoitwa nusumaisha. Katika mchezo wetu nusumaisha ni mmwago mmoja. Kwa atomu halisi kila aina ina muda wake, na muda huo haubadiliki. Iodini 131, ambayo madaktari huitumia kutibu ugonjwa wa tezi ya shingo, nusumaisha yake ni siku 8. Kaboni 14 ni miaka 5,730. Potasiamu 40 ni miaka milioni 1,250, yaani zaidi ya bilioni moja.

Hapa wengi hujikwaa, na mtihani hupenda sana kuwangoja hapo hapo. Mtu husema: nusu ikienda kwa nusumaisha ya kwanza, nusu nyingine itakwenda kwa ya pili, mchezo umekwisha. La hasha! Nusumaisha ya pili haichukui nusu ya mwanzo, inachukua nusu ya kilichobaki. Ni kama mandazi manne na ndugu mwenye aibu: kila akipita jikoni anakula nusu ya anayoyakuta. Anaacha mawili, halafu moja, halafu nusu, halafu robo. Baada ya nusumaisha mbili hubaki robo, baada ya tatu thumni, baada ya kumi hubaki sehemu moja kati ya 1,024, na baada ya ishirini hubaki chini ya sehemu moja katika milioni.

Jambo lingine nililolipenda mno. Mwenzetu mmoja aliandika jina lake kwenye kipande kimojawapo, nacho kikapona mimwago sita mfululizo. Darasa zima likapiga kelele kwamba sasa zamu yake imefika, lazima kitaanguka. Kumbe sivyo. Kipande hakikumbuki kwamba kimepona mara sita, wala hakijachoka. Katika mmwago wa saba uwezekano wake ulikuwa nusu kwa nusu kama katika mmwago wa kwanza. Atomu ni hivyo hivyo, haizeeki. Mzee wa miaka tisini yuko karibu na kaburi kuliko kijana, lakini atomu ya potasiamu iliyodumu tangu kabla dunia haijakuwapo na iliyotengenezwa baadaye zina nafasi sawa ya kuvunjika leo. Kama atomu zingekuwa zinazeeka kama sisi, nusumaisha isingekaa mahali pamoja na saa hii isingefaa kitu.

Msiogope lakini. Unururifu si kitu cha mabomu peke yake. Mwili wa mtu mzima una potasiamu tunayoipata kwenye maharagwe, ndizi na maziwa, na ndani yake kila sekunde atomu za potasiamu 40 kama 4,000 hivi huvunjika. Tangu uanze kusoma aya hii zimeshakwenda maelfu, na bado unaendelea kusoma.

Turudi kwenye mifupa. Wengi wamesikia habari ya kaboni 14, wakadhani ndiyo inayopima kila kitu cha kale. Kaboni hii hutengenezwa hewani juu, miti huivuta, mbuzi hula miti, nasi tunakula mbuzi. Kiumbe kikifa hakipokei nyingine, basi iliyomo huanza kupungua kwa nusu, kwa nusu. Inafaa sana kwa mambo ya juzijuzi. Zile nguzo za mawe za Lothagam upande wa magharibi ya ziwa, ambako wafugaji wa kale walizika watu wao, zimepimwa kwa njia hii: makaburi hayo yalijengwa na kutumiwa kati ya miaka kama 5,000 na 4,300 iliyopita. Hiyo haijafika hata nusumaisha moja, kwa hivyo zaidi ya nusu ya kaboni 14 ingali imo na mtu anaweza kuipima vizuri.

Lakini jaribu kaboni hiyo kwa Mvulana wa Turkana. Gawanya 1,500,000 kwa 5,730, utapata nusumaisha zaidi ya 260. Tumeona kwamba baada ya ishirini tu hubaki chini ya moja katika milioni. Baada ya 260 hata atomu moja ya wakati wake haikubaki. Ni sawa na kupima umbali wa Lodwar hadi Kitale kwa rula ya sentimita 30.

Kwa safari ndefu hutumika potasiamu 40, na hii haipimwi kwenye mfupa bali kwenye jivu la volkano. Potasiamu ina protoni 19. Atomu zake za namba 40 zinapovunjika, nyingi, kama 89 katika kila 100, huwa kalisiamu yenye protoni 20. Zilizobaki, kama 11 katika 100, hufanya kinyume: kiini humeza elektroni yake mwenyewe, protoni moja hugeuka nutroni, na atomu ikawa arigoni yenye protoni 18. Arigoni ni gesi, tena gesi isiyopatana na kitu chochote. Sasa mnajua soda iliyoachwa wazi juani inavyokuwa: gesi yote hutoroka. Mwamba ulioyeyuka ndani ya volkano ni hivyo hivyo, arigoni yake hutoroka, na saa huanza kwenye sifuri. Jivu likisharushwa nje na kupoa, punje zake ngumu zing'aazo huifungia ndani kila arigoni inayozaliwa. Haba na haba hujaza kibaba. Mtaalamu huiyeyusha punje, anahesabu arigoni iliyokuwa imefungwa, anapima potasiamu iliyomo, na kwa kuwa anajua nusumaisha anapata miaka.

Na mfupa je? Wazee wetu husema fulani alizaliwa kabla ya Lopiar, ule ukame mkali wa karibu mwaka 1980. Hawahitaji cheti cha kuzaliwa, wanahitaji jambo kubwa ambalo kila mtu analijua, kisha wanauliza lilikuja kabla au baada. Tabaka la jivu ndilo Lopiar ya wataalamu wa mawe. Volkano ililipuka, jivu likatandazwa nchi nzima. Mfupa ulio chini ya jivu hilo ulilala hapo kabla, ulio juu ulikuja baadaye. Ukilijua jivu, unamweka marehemu kati ya tabaka mbili.

Haya, sasa ile namba mbaya.

Ng'ambo ya ziwa, Koobi Fora, upande ambao sasa ni Kaunti ya Marsabit, kuna mwamba wa jivu unaoitwa KBS. Si yale mabasi ya Nairobi. Herufi hizo zimetokana na jina la Kay Behrensmeyer, mwanajiolojia wa Marekani aliyepata zana za mawe hapo mwaka 1969. Jivu lake lilipelekwa Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller. Jibu la kwanza lilikuja: miaka milioni 212 hadi 230! Huo ni wakati wa dainosari, na ndani ya matabaka yale mlikuwa na mifupa ya ndovu na nguruwe. Wenyewe wakaona kwamba jivu lile limechanganyika na mawe ya zamani sana. Wakaomba sampuli safi zaidi, wakachagua vipande vya lile jiwe jepesi lenye matundu ambalo watu hulitumia kusugulia nyayo, wakapata miaka milioni 2.6. Namba hiyo ilionekana ya busara, ikachapishwa mwaka 1970.

Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, wa kundi la Richard Leakey, akaona vipande vya fuvu chini ya tabaka hilo. Viliunganishwa vipande zaidi ya 150, likatokea fuvu maarufu namba 1470, lenye ubongo mkubwa kuliko ilivyotarajiwa. Kwa kuwa lilikuwa chini ya jivu la milioni 2.6, lilitangazwa kuwa na umri wa karibu miaka milioni 2.9. Dunia nzima ikashtuka. Ziwa wakati huo lilikuwa bado linaitwa Rudolf. Jina la Turkana lilikuja mwaka 1975.

Walioharibu sherehe ni nguruwe. Basil Cooke alikuwa mtaalamu wa nguruwe wa kale, ambao gego lao la mwisho lilizidi kurefuka kadiri vizazi vilivyopita. Kaskazini ya ziwa, bonde la Omo nchini Ethiopia, nguruwe wenye meno kama ya wale wa chini ya KBS walikuwa kwenye matabaka ya miaka kama milioni 2 tu. Ingewezekanaje nguruwe wa aina moja, kando ya maji yale yale, wapishane kwa miaka zaidi ya nusu milioni? Ama meno yanasema uongo, ama arigoni. Wataalamu walikosana vibaya, wengine wakisema potasiamu ni Fizikia na Fizikia haiwezi kushindwa na nguruwe.

Mwaka 1975 Garniss Curtis na wenzake wa Berkeley walipima tena wakapata milioni 1.8 kwa sehemu moja na 1.6 kwa nyingine. Mwaka 1979 Thure Cerling, Frank Brown na wenzao wakaonyesha kwa kemia kwamba jivu la KBS na jivu fulani la Omo ni la mlipuko mmoja. Halafu Ian McDougall wa Australia akachukua vipande vya lile jiwe jepesi, akachambua punje safi moja kwa moja, akapima nyingi, zote zikakubaliana: miaka milioni 1.88 au 1.89. Hiyo ilikuwa mwaka 1980 na 1981. Mabishano yakaisha, na nguruwe wakashinda.

Sasa tufanye hesabu tuone tofauti ilikuwa ndogo kiasi gani. Chukua atomu milioni moja za potasiamu 40. Baada ya miaka milioni 1.88 zimevunjika kama 1,040 tu, na kati yake zilizokuwa arigoni ni karibu 110. Kama ingekuwa miaka milioni 2.6, arigoni zingekuwa karibu 150. Ugomvi wote huo, mikutano, hasira, vitabu vilivyoandikwa na kuandikwa upya, ulikuwa juu ya atomu 40 na ushei katika milioni! Na hewa tunayovuta ina arigoni karibu asilimia moja, ambayo lazima itolewe kwenye hesabu. Ndiyo sababu punje chache tu za mwamba mkongwe zikijipenyeza huvuta umri juu.

Na zinajipenyezaje? Yeyote aliyesimama kando ya Turkwel mto ukifurika anajua. Maji hayaulizi hiki kilitoka wapi, hukokota kila kitu pamoja, kuni za leo na mawe ya milimani. Jivu la KBS halikuanguka lote moja kwa moja kutoka angani. Mito ililikusanya na kulileta ziwani, ikaokota na mengine njiani. Kwa hivyo anayesema nusumaisha ilikosea, hajasema sawa. Nusumaisha ya potasiamu ilikuwa ile ile mwaka 1970 na mwaka 1981. Kilichobadilika ni mawe yaliyotiwa ndani ya mashine, na uangalifu wa mikono iliyoyachambua.

Basi yule anayeuliza nani alihesabu, ajibiwe hivi: atomu zilijihesabu zenyewe, watu wakazisoma, mara ya kwanza vibaya, kisha vizuri, na waliogundua ubaya walitumia kitu wasichokitegemea wale wa mwanzo. Akitaka kubisha bado, abishe, lakini aje na punje zake.

Mazoezi kwa wasomaji. Kwanza, hospitali imepokea gramu 80 za iodini 131. Zitabaki gramu ngapi baada ya siku 24? Pili, mkaa wa moto wa kale umekutwa na robo tu ya kaboni 14 iliyokuwamo mwanzoni; moto huo uliwashwa miaka mingapi iliyopita? Tatu, kipande cha katoni kimepona mimwago tisa. Eleza kwa sentensi mbili, kwa Kiswahili sanifu, kwa nini mmwago wa kumi haukiogopeshi zaidi. Majibu ya maswali mawili ya kwanza yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya maabara. La tatu mpeni katibu wa chama, na atakayeandika sentensi tatu ataambiwa apunguze moja.